Kinazimika Ninapopiga

Bi Tellervo aliingia na theluji mabegani,
akakiweka mezani kidhibiti cha mkono wa kulia
kama mtu anayemleta paka kwa daktari.
"Kinazimika," akasema. "Si kila mara.
Kinazimika ninapopiga."

Hapa Oulu, Januari, saa tisa alasiri
taa za barabarani zimeshawaka,
na betri za mji mzima zinalalamikia baridi.
Nimezoea kuzilaumu.
Nikaitoa yake, nikaipima: imejaa, haina kosa.
Nikatia nyingine hata hivyo. Nikavaa miwani,
nikatikisa mkono huku, nikatikisa kule;
kile kitaa cha buluu kikanikodolea, hakikupepesa.

"Kizima," nikamwambia.
"Kimezima," akanijibu.
Silabi moja tu
kati ya afya na kifo.

Akacheka puani. "Wewe unapiga
kama mtu anayebisha hodi wodini."

Kisha akaketi, bila kuvua koti, akanieleza.
Kila Jumapili wanacheza tenisi ya meza
yeye na mdogo wake, Vuokko, aliyehamia Perth
kabla mimi sijazaliwa.
Huko ni jioni na feni; huku ni mchana na sepetu ya theluji.
Meza ni moja, ya kijani, haipo popote.
Kumi kwa tisa. Anainua mkono amalize kazi,
na raketi inayeyuka hewani.
Mpira unampita begani, pole pole, bila haya.
"Na Vuokko anauliza: umeniachia tena?
Tulipokuwa watoto nilimwachia, kweli. Mara mbili.
Sasa nina miaka sabini na sita,
simwachii mtu hata kiti cha basi,
na yeye haamini."

Kuna maradhi ambayo mgonjwa huyaficha.
Haya yalijificha yenyewe;
ukiyaita kwa upole hayatoki.
Basi nikasogeza stuli, nikafunga mlango,
nikapiga hewa kama aliyedhulumiwa urithi.
Pigo la kwanza, kimya. La pili, kimya.
La tatu, kitaa kikafa mkononi mwangu
nami nikafurahi, Mungu anisamehe,
kama daktari aliyesikia kikohozi alichokitarajia.

Springi ilikuwa imechoka.
Hakuna zaidi ya hapo.
Mkono unaporuka mbele, betri inabaki nyuma kidogo,
unywele mmoja, inaachana na bati lake,
na katika pengo hilo la unywele umeme unatumbukia.
Kidhibiti kinadhani mwenyewe ameondoka.
Kinalala.

Nikaivuta springi kwa koleo jembamba, mizunguko miwili.
Nikasugua bati kwa spiriti; pamba ikatoka nyeusi.
Karatasi ya fedha ya chokoleti, nikaikunja mara nne,
nikaipachika nyuma, isaidie kusukuma.
Betri bado ilicheza kitandani mwake,
nikaivika kipande cha risiti alichokuwa nacho mfukoni:
maziwa, mkate wa shayiri, mishumaa.
"Euro nane," nikasema. Nilitaka kusema tano,
ila kodi ya duka haichezi tenisi.

"Kwanza nijaribu."
Akavua koti, hatimaye. Akavaa miwani.
Nilimwona akitafuta meza ambayo mimi siioni,
akirudi hatua moja, akipinda magoti
(magoti yakalia, akayatukana kwa lahaja ya kwao),
na kabla sijasema angalia juu,
akapiga.

Taa ya dari ikapasuka.
Vigae vikanyesha juu ya kaunta, juu ya bisibisi zangu,
na duka zima likaingia giza.

Hakuna aliyesema neno.
Kisha, kule katikati ya chumba,
kwenye usawa wa bega la ajuza,
nikaona nukta ya buluu,
imetulia, inawaka.

"Inaingia?" akaniuliza, miwani bado usoni.
"Ule mpira. Umeingia?"