Beseni Mlangoni

Beseni la bluu, lenye ufa uliozibwa kwa lami,
linakaa mlangoni mwa darasa la awali.
Humo watoto humwaga mifuko yao asubuhi:
korosho za kukaanga, karanga, kipande cha kashata,
gololi pia, kwa kuzidisha utii.
Kisha ndoo. Kisha sabuni. Kisha "Shikamoo, mwalimu,"
na viganja vinavyochuruzika
vinainuliwa nivikague.

Yote haya kwa ajili ya Somoe Chinduli,
miaka mitano, meno mawili ya mbele hayapo,
mtoto wa Tandahimba ambaye korosho haimtaki.

Sare yake imenunuliwa kwa korosho.
Bati la juu ya kichwa chake ni korosho,
na chaki yangu, na dawati analolala usingizi wa saa tano:
shilingi zilizokatwa kwa kila kilo, mnada hadi mnada.
Kila kinachomfundisha kusoma
kimetoka kwenye kitu kinachoweza kumziba pumzi.

Nilijifunza siku ya uji.
Mtu alitwanga vipande akatia, uwe mzito,
kwa mapenzi tu.
Vijiko vitatu. Akanivuta kanga:
"Mwalimu, kooni kuna sweta."
Nikacheka. Naandika hili ili lisinitoke: nilicheka.
Kisha midomo ikavimba, na kifua kikaanza kupiga filimbi.

Bodaboda ya Mkwinda, yeye mbele, mtoto katikati,
mchanga wa njia ya Mahuta ukiyashika magurudumu,
nami nahesabu, si kilomita,
nahesabu filimbi.
Sindano ya paja.
Muuguzi akasema, "Mngechelewa kidogo tu,"
akageuka kuosha mikono, hakuimalizia.

Mkutanoni wazazi walisema yao.
Amerogwa huyo.
Anadekezwa. Sisi tulikula na vumbi la salfa, mbona tumekua?
Na mmoja, kwa upole uliouma kuliko yote:
"Basi akae nyumbani mpaka msimu uishe."
Baba yake alitazama viatu vyake.
Magunia kumi na manne alipeleka ghalani mwaka ule.

Ndipo Asumini, mbanguaji, akanyanyua mikono.
Si kuomba nafasi. Kuionyesha.
Vidole vyeusi, ngozi imebanduka ikaota ikabanduka.
"Nilikwenda kusajili laini ya simu, mashine ikanikataa.
Inasema sina vidole.
Haya ni mafuta ya ganda, miaka kumi na mmoja.
Nani kawaambia korosho haina meno?
Mimi imenila kwa nje.
Huyu inamlia ndani."
Akaketi. Kesho yake akaleta beseni.

Sisemi tumeshinda.
Oktoba inakuja na moshi wa makaango, nafunga madirisha,
tunatoka jasho, tunaimba herufi.
Mpishi ana sufuria mbili, moja ina uzi mwekundu mkononi,
na siku uzi ulipokatika hatukupika.
Zipo wiki ambazo zahanati haina dawa ile,
nami najua ni wiki zipi,
huwa natembea darasani kama mtu aliyebeba mayai.
Mimi mwenyewe naipenda korosho, Mungu anajua.
Nala Ijumaa jioni. Jumapili usiku nasugua meno mara mbili.

Jana yule mtundu, Fakihi, alifika mbio,
akasimama mlangoni, akajinusa mikono,
akarudi kwao bila kuambiwa.
Alikuwa amembangulia bibi yake.
Alirejea saa nne, amelowa mpaka viwiko,
nikaandika kwenye daftari la mahudhurio: *yupo*.

Leo nimewaambia wachore nyumbani.
Somoe amechora mkorosho, mabibo mekundu, mengi,
makubwa kuliko mbuzi.
Chini ya kila bibo, pale mbegu inaponing'inia,
ameacha peupe.
"Na korosho zake ziko wapi?"
Akanionyesha pembeni kabisa ya karatasi:
mlango, duara la bluu,
na vijidoa vingi ndani, vimekaa kimya,
vinasubiri kengele ya kwenda nyumbani.