Mlango wa Jolana

Sentimita themanini kwa mia mbili,
mwepesi, mtupu ndani kama biskuti.
Niling'oa bawaba zake Jumatatu usiku
nikaulaza juu ya makabati mawili ya viatu.

Ghorofa ya tano, Přerov, theluji dirishani.
Sina chumba kingine, wala mlango mwingine
ulio likizo siku kumi na mbili katika kila kumi na nne.
Jolana huja wikiendi moja, huruka moja,
mkoba begani, visikizi masikioni,
na mama yake hubaki chini garini, injini haizimwi.

Baba yangu aliendesha garimoshi la mizigo
miaka thelathini na mmoja.
Mimi nauza viatu.
Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta,
nami mvukuto wenyewe sikuugusa
hadi mwaka huu, hamsini kamili, niliponunua
kichwa kimoja cha treni, chekundu,
kinachozidi kidogo tu kidole changu cha kati.

Kwanza nilichora.
Nyuma ya risiti za dukani nilichora stesheni tatu,
daraja, mgodi wa makaa, karakana,
mlima, na juu ya mlima kanisa.
Penseli haina deni. Penseli hupita ukutani.
Kisha nikapanga reli zenyewe juu ya mbao
na mbao ikanijibu.
Kona hukunjwa hadi sentimita thelathini na moja, basi,
ukizidi hapo treni inalala ubavu.
Nikafuta mlima.
Nikafuta mgodi, na kanisa likakosa pa kukaa.
Stesheni mbili zikaenda zake.
Ikasalia duara iliyobanwa mbavu,
njia fupi ya kupishania,
na kituo kisicho na jina.

Nilijifunza kulehemu kwa kuungua.
Nilikausha machicha ya kahawa, yakawa udongo.
Sifongo ya kuoshea vyombo niliikatakata, nikaipaka kijani:
vichaka.
Nilipogonga misumari, bwana Hynek wa ghorofa ya nne
alinijibu kwa mti wa ufagio, pigo kwa pigo.
Saa nane za usiku, siku ya Alhamisi,
kichwa chekundu kilizunguka mara moja nzima
nami nikasimama na soksi zangu nikipiga makofi
peke yangu, polepole, Hynek asisikie.

Ijumaa akaja.
Akatazama fremu tupu ya chumba chake.
Akatazama mezani.
"Huo ni mlango wangu."
Sikuwa na neno. Nilikuwa nimepima kila kitu
isipokuwa hilo.
Alikula supu akinipa kisogo.
Nikaosha sahani mbili kama watu wanaoosha sahani ishirini.

Usiku nilimkuta amepiga magoti
jicho usawa wa reli.
"Mbona haisimami popote?"
"Kituo bado hakijaisha."
"Na hili tundu?"
"La kitasa. Nitaliziba kwa plasta."
"Usilizibe."

Akaingia chini ya mlango na tochi ya simu
na nuru ikapanda kupitia tundu,
ikagusa vichaka vyangu vya sifongo,
ikafika hadi dari.
Hakuniambia ni nini. Sikuuliza.
Jumamosi nzima alikata kadi kwa wembe,
ulimi nje, kama alipokuwa na miaka sita,
akasimamisha kibao kisichozidi ukucha:
GONGA KWANZA.

Jumapili aliondoka.
Treni bado inaanguka palepale,
kwenye kovu la bawaba ya juu, reli zinapoungana.
Nimeweka kipande cha karatasi chini yake; inaanguka.
Nimenunua pazia la chumba chake, la bluu,
huenda akalichukia.
Na kila jioni, kabla sijawasha transfoma,
nagonga mbao mara mbili.
Kutoka chini, Hynek ananijibu.