Hewa Inayobaki

Kwanza walinifinya kwa koleo la plastiki:
nyuma ya mkono, juu ya nyonga, chini ya bega,
Aarne akisoma milimita kwa sauti ya karani wa ghala,
ishirini na sita, thelathini na moja,
nami nikicheka, maana aliyenifinya hapo mwisho
alikuwa Veikko, naye hakuandika popote.

Kisha tangi. Kiti cha chuma kinaning'inia kwenye mzani,
maji vuguvugu, nje theluji ya Jyväskylä imefika madirishani.
"Mafuta huelea, Bi Tuovi, mfupa huzama.
Toa pumzi yote, yote kabisa, ndipo ujitose.
Hewa ikibaki, mzani utaihesabu mafuta."

Nikatoa. Nikazama. Mshale ukatetemeka, ukagoma.
"Bado unayo."
Mara ya tatu, chini kule, masikio yameziba,
nikasikia moyo ukigonga kama mpangaji aliyesahau ufunguo,
na viputo vya mwisho vikanitoka puani,
shanga zilizokatikiwa uzi.

Asilimia thelathini na nane, akasema, akinipa taulo.
Ila kuna hewa, akaongeza, haitoki hata ufanyeje,
lita moja na kitu. Hiyo tunaikadiria tu,
kwa umri na kwa kimo.

Nikavaa soksi polepole.
Mwaka wa nne sasa dada zangu wananiambia
nimtoe Veikko kifuani, nishushe pumzi, yaishe.

Nikamwomba Aarne aniandikie lile kadirio
pembeni mwa karatasi yangu,
kwa wino.