Kituo cha Sita

Karibuni. Mimi ni Olielo. Beji hii nimeichapisha mwenyewe,
kwa hivyo msisumbuke kutafuta mhuri.
Ziara ni saa tatu, vituo vitano, chupa moja ya maji kwa kila kichwa.
Kofia si lazima, ila jua la Kisumu halichagui mgeni.

Kituo cha kwanza, reli. Hapa ndipo ilipochoka.
(Wageni hucheka hapa. Huwa nawaachia nafasi.)
Ilitoka pwani ikimeza milima na vibarua,
ilipoona ziwa linakwenda mbali kuliko vyuma vyake
ikaketi chini kama mama mwenye mzigo,
na mji ukaanza kuuza chai pembeni.

Cha pili, mnara wa saa. Pigeni picha, msilinganishe majira.
Cha tatu, soko la Kibuye: shika mkoba, shika na bei,
ukiambiwa mia tatu, cheka kwanza ndipo uulize.
Cha nne, boma la makumbusho: nyumba ya mke wa kwanza,
ya wa pili, ya wa tatu, na simba ya kijana.
Nikieleza kwamba simba hii ni kibanda, wanapumua.
Cha tano, Dunga, njia ya mbao katikati ya mafunjo,
na ngege mzima kwenye sahani, macho yakiwemo.
Hapo karatasi yangu inaisha.

Leo nilikuwa na mmoja tu. Bi Godelieve, wa Bruges, Ubelgiji,
miaka sabini na miwili, viatu vilivyolainishwa na mawe ya kwao.
Hakupiga picha. Alinitazama midomo
jinsi fundi cherehani anavyotazama mshono wa mwenzake.
Alipofika kwenye ngege akamfungua kwa upande wa mgongo,
akasema: Mimi pia nilikuwa hivi. Miaka thelathini na mmoja.
Mwavuli wa njano juu, watu arobaini nyuma,
mnara wa kengele, ngazi mia tatu sitini na sita,
mifereji, lesi, chokoleti, haya, tusogee.
Kulikuwa na daraja dogo nililolisingizia mapenzi:
ati msichana, ati mwashi, ati wakazama.
Mvua ilikuwa inanyesha, nilikosa la kusema.
Sasa wajukuu wa wale wageni wanakuja kulibusu.

Nilicheka hadi mwiba ukanigusa koo.
Kwetu, akaendelea, hakuna kinachoondoka.
Nyumba ya miaka mia tano bado ina mlango wake.
Unanyoosha kidole tu, ukuta unamalizia sentensi.
Kisha, akichambua kichwa cha samaki:
Na wewe, lipi huwa hulisemi?

Nikamlipia ngege, ingawa masharti yasema chakula ni juu ya mgeni.
Tuktuk ikatushusha nyuma ya reli,
kwenye uzio wa mabati, pengo ambalo mbuzi wanalijua.
Ndani majani, kifusi, mpapai uliojiotea.
Hapa sina hotuba. Sikuwahi kuiandika.
Nikasema tu: Mama yangu, Perpetua Atyang',
aliuza uji hapa miaka kumi na tisa, tukilala nyuma ya sufuria.
Tingatinga lilikuja saa nane usiku, taa zote zikiwaka.
Asubuhi tulitafuta mwiko. Mwiko ulipatikana.

Akanyamaza. Kunyamaza nako ni ufundi wa kazi yetu,
na mwenzangu alikuwa hodari.
Mbuzi mmoja akatukagua, akarudi kwenye majani yake.
Halafu, kwa mara ya kwanza siku nzima, akatoa simu mkobani,
akauliza asimame wapi ili papigwe vizuri.

Nikamwambia: Sogea kushoto kidogo, mama.
Hapo ulipo ni jikoni.