Kabati la Saba

Mama aliuza kunde soko la Kangemi,
fungu kwa fungu, majani yangali na umande,
na yaliyonyauka jioni ndiyo yalikuwa yetu.
Kwa hiyo nilipoajiriwa kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa,
pale kilimani, juu ya Mto Nairobi,
nikakabidhiwa funguo za kabati la saba, jamii ya kunde,
nilicheka peke yangu:
nimesoma miaka yote hiyo
nirudi kwenye kunde.

Lakini kunde zina ukoo mpana kuliko wetu.
Mikwaju, migunga, choroko, mbaazi,
wenye miiba na wenye majivuno,
na chini kabisa, droo ya mwisho,
karatasi moja isiyo na mwenzake.

Ua kama ukucha wa mtoto.
Zamani lilikuwa zambarau, lebo inadai;
sasa ni maji ya kunde, kama mimi.
Jani moja limejikunja
kama mtu aliyegutushwa usingizini.
Ukingo wa Chalbi, Novemba 1961.
Mchanga, chumvi. Mmea mmoja tu.
Kisha jina la bwana aliyelichuma, herufi tatu na ukoo,
na chini yake: pamoja na kijana wa ngamia.

Qabale Guyo alikuja Jumanne ya Aprili,
siku ambayo mzunguko wa Globe uligeuka bwawa.
Viatu mkononi, sketi imelowa hadi magotini.
Nimekuja kuona ua la baba, akasema.
Nikamsomea sheria: barua, kibali, sahihi ya mkuu.
Akanisikiliza mpaka mwisho.
Yule kijana wa ngamia, akasema, alikuwa na jina.

Nikafungua kabati.

Hakuligusa. Aliinama akalinusa,
miaka sitini na kitu ya nafthalini,
akasema baba alilikuta akimtafuta ngamia aliyepotea,
jike, mwenye mimba,
na kwamba bwana alimlipa shilingi moja na kopo la maziwa,
na ngamia hakuonekana tena.
Mnaliitaje kwenu? nikamuuliza.
Kalamu nilikuwa nimeshaishika.
Akatazama dirishani, mvua ikiyatwanga mabati ya gereji.
Jina lake hatulitaji mahali penye maji mengi hivi.
Litadhani limeitwa.

Tulipokuwa tunafunika karatasi, ganda likapasuka,
mlio mdogo, kama kidole kilichoalishwa,
na mbegu moja ikabingirika mezani,
nyeusi, haikuzidi kichwa cha kiberiti.
Nilipaswa kuiandika daftarini.
Nilipaswa kuitia bahashani.
Nikakumbuka ghafla kwamba nimeacha chai jikoni.

Niliporudi meza ilikuwa safi
na pembe ya mtandio wake ina fundo
ambalo halikuwapo.
Nikampa kipande cha msasa.
Ikwaruze kidogo, nikasema, nikitazama pembeni.
Zina ganda gumu hizi, maji pekee hayaziamshi.
Akacheka kwa mara ya kwanza:
Hata sisi.

Alipoondoka nilichonga penseli.
Chini ya herufi tatu za bwana
nikaandika Guyo Elema, kwa mwandiko mdogo,
wa kufutika,
kwa sababu nina mtoto shuleni.

Novemba hiyo mvua ilitukalia wiki tatu.
Ukuta wa chumba changu ukaota ukungu wa kijani,
nguo zikanuka mbwa,
nami kila asubuhi, nikikamua kitambaa cha kudekia,
niliiwaza ile mbegu mchangani huko,
imekwaruzwa, imefumbuliwa sikio,
inasikiliza.

Ujumbe uliingia usiku, kutoka Maikona,
nikiwa nimeinama juu ya sufuria ya kunde:

Imenyesha.
Lakini ng'ambo ile, si upande wetu.
Tumekaa nje tunaitazama.