Msumari wa Saba

Nyuma ya mlango wa karakana yangu, hapa Tandala,
kuna misumari sita, na kila msumari una ufunguo,
na hakuna ufunguo hata mmoja ulio wangu.

Ule wenye uzi mwekundu ni wa Jailos Tweve, yuko Doha.
Ule uliopinda ni wa mama Chaula: anatunza wazee wa watu Ujerumani,
mama yake mzazi anatunzwa na jirani.
Wengine sitawataja. Wenyewe wanajijua,
hunitumia pesa ya sabuni na picha zao wakiwa na miwani.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nafungua madirisha
kuvu isije ikala mapazia.
Ukungu wa Kitulo unaingia bila hodi,
unapita sebuleni, chumbani, jikoni kusikopikwa,
kisha unatoka.

Mageti yao yote nimeyachomelea mimi.
"Fundi, niwekee simba wawili, watazame barabarani."
Niliwaweka. Mwaka wa tano huu
wanatazama barabarani.

Sasa mkataba umefika na kwangu.
Kurasa nane, nimezikandamiza kwa kipande cha nondo
upepo usizichukue kabla yangu.
Mshahara wa mwezi mmoja kule
ni mageti kumi na moja ya hapa,
na hapa, masika, nakaa wiki tatu
nasikiliza bati tu.
Wakala, Luvanda wa Makambako, anapiga simu kila jioni:
"Fundi, nafasi si ulanzi, haizidi utamu kwa kukaa."
Anataka jibu Ijumaa.

Baba anasema: nenda. Kisha anasema:
ile miparachichi yako themanini ndiyo kwanza inatoa maua.
"Mti hauulizi ulikuwa wapi. Mwizi ndiye anayeuliza."
Sijui hapo amenituma au amenizuia.

Agnetha hasemi nenda, hasemi kaa.
Anapanga mbegu za viazi juu ya gunia, machipukizi juu,
na swali lake ni moja:
"Ukienda, hizo funguo nani atazishika?"

Jumanne usiku nilifanya jambo ambalo sijamwambia mtu.
Niliaga naenda kulinda mashine.
Nikafungua kwa Jailos, nikalala kitandani kwake.
Godoro bado limo ndani ya nailoni ya dukani,
kila nikigeuka linanisema.
Baridi ilikuwa ileile ya kwangu
lakini haikunijua jina.

Nikasimama dirishani.
Ng'ambo ya kijito, taa moja: kwangu.
Sikuwahi kuiona nyumba yangu namna ile,
usiku, nikiwa simo.
Agnetha alipita na beseni. Akarudi bila beseni.
Yusta alikuwa mezani, kichwa chini, anaandika,
na ada yake ya muhula wa pili ilikuwa palepale,
haionekani, kubwa kuliko meza.
Kisha taa ikazimwa.
Hakuna aliyechungulia nje.
Mambo yalikwenda tu.
Hilo ndilo lililoniuma, na hilohilo ndilo lililonipa moyo,
nami nimeshindwa kuyatenganisha,
mimi ambaye kazi yangu yote ni kuunga.

Jana, Alhamisi, nilipigilia msumari wa saba.
Sikusema ni wa nini.
Niliuacha mtupu, nikafunga mlango.

Leo asubuhi nimekuta sweta la shule la Yusta
limetundikwa pale, bichi,
linadondosha maji sakafuni, tone, tone,
karibu na mtungi wa gesi.
Simu inaita mfukoni. Luvanda.
Nimesimama tu, nimelishika ule mkono wake mfupi.
Kwa ukungu wa huku, sweta la sufu
huchukua siku mbili kukauka.