Uniti Moja na Nukta Mbili

Ningeweza kuipakua iliyoiva,
kama chapati ya gengeni, unakunja, unakula.
Lakini kompyuta hii ya mkono wa tatu
inatema kila kilichopikwa na wengine,
basi nimechukua unga: msimbo mtupu,
faili elfu na ushee, zimelala ndani ya Linux,
ambayo nayo imepanga chumba ndani ya Windows
kama nilivyopanga mimi kwa Bi Chausiku, Magomeni Mapipa:
mlango wako, ufunguo wako,
mita ya umeme ya wote.

Saa tatu usiku naandika amri ya kuandaa.
Inakagua, inakagua, inasimama.
Maktaba moja haipo.
Naileta. Inasimama tena: nyingine.
Naileta nayo, natukana kwa Kizaramo,
lugha ambayo mashine haijafundishwa.

Nne na robo, imekubali.
Mistari inateremka mbio
kama maji ya bomba yaliyorudi baada ya siku nne,
na feni inalia, nyigu ndani ya kopo.

Halafu LUKU: ti, ti, ti.
Uniti moja na nukta mbili.
Betri ilikufa tangu Ramadhani.
Nanunua kwa simu: huduma haipatikani kwa sasa.

Nabisha mlango kwa mlango.
Tunu anapiga pasi sare za watoto.
"Nizime mpaka lini?"
"Sijui. Inajijenga."
"Nini?"
"Hifadhidata ya kikoba. Si lile daftari lililowa,
michango yako ya Machi ikageuka wingu la wino?"
Anachomoa pasi bila neno.
Kondo anazima mpira dakika ya themanini,
ananisonya hadi nyumba nzima inasikia.
Bi Chausiku, friji, na barafu zake za kuuza kesho.

Tumekaa gizani kwenye korido,
watu wanane na mtoto mmoja aliyekataa kulala,
tunatazama maandishi ambayo hakuna anayeyaelewa,
mimi nikiwemo, nusu.

Sita kasoro, inanyamaza.
Majaribio yote yamepita.
Kondo anauliza, "Nani kashinda?"

Mita inasoma nukta sifuri nane.
Nafungua jedwali,
na kabla ya michango, kabla ya faini za wachelewaji,
naandika mstari wa kwanza:

Tunu. Mashati mawili, hayajanyooshwa.
Nadaiwa.